Arubaini ikisha, mzazi anaachiwa nani?

Sisi Pemba kwa kumlea mzazi, yaani mama alotoka kujifungua, hatuna mpinzani, hilo nasema bila ya kuona haya. Mie nilijifungulia kwetu Wete na siku zote arubaini sikushika hata ufagio, maji ya moto asubuhi na jioni, mkandaji ananikanda tumbo mpaka nang'ata kanga, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, udi chini ya kitanda, mtoto anakoshwa na bibi yake, kazi yangu kunyonyesha tu. Sasa mtu kama huyo akisema hana raha utamwambia nini? Utamwambia anadeka. Na ndo nilivyoambiwa.

Siku za mwanzo kulia kawaida, homoni zinashuka ghafla, wiki mbili hivi inakwisha yenyewe. Yangu haikwisha. Siku moja alasiri mtoto analia ubavuni kwangu, maziwa yanavuja mpaka kanga imerowa, na mie nimekaa naangalia pazia tu, wala sikuwa na hasira naye wala huruma, sikuwa na kitu chochote. Mama akaja akamchukua, "We mwana una nini?" Nkamwambia sijui. Na kweli nlikuwa sijui, hilo neno sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, mie nilikuwa nalisikia redioni tu.

Ikasemwa husda. Kombe (maji yalokoshewa aya za Qur'ani zilizoandikwa sahanini) likaletwa nikanywa, nikasomewa, na sitokaa nikakicheka kisomo mana usiku ule nilitulia. Asubuhi kiza kile kile. Mtume (S.A.W.) katufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila kateremsha na dawa yake, sasa nani alosema ukishakunywa kombe hospitali huruhusiwi kwenda?

Kinachonikera mie ni hiki. Arubaini ikitoka watu wote wanaondoka, mkandaji kashalipwa, shangazi karudi kwake, mume yuko Unguja kazini, umebaki wewe na kitoto na ndoo ya nepi. Na wiki hiyo hiyo ndo chanjo ya wiki sita! Mtoto anapimwa uzito, anadungwa sindano, kadi inaandikwa, mama kaulizwa uzazi wa mpango basi, mwengine apite. Na Shirika la Afya Duniani linasema kina mama kama 13 katika kila 100 waliotoka kujifungua wana tatizo la akili, zaidi ni hii sonona, na kwa nchi kama zetu ni karibu 20. Kuna maswali 10 yalotungwa Edinburgh, Scotland, tokea 1987 ya kumuangalia mama alozaa kama ana sonona, hayataki mashine wala damu, kalamu tu na dakika tano. Kwani hizo dakika tano hatuna?

Mie nilibahatika, nesi mmoja mtu mzima aliniangalia akaniuliza, "Mtoto akilala, na wewe unalala?" Nkasema silali. "Tokea lini mwanangu?" Pale pale nikaanza kulia mbele ya foleni nzima. Akaniandikia nikamuone daktari, na nyumbani khaloo kusikia daktari wa akili akashika mdomo, "Kidongo Chekundu?!" (ndo hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja). Kumbe nilikaa kwenye kiti nikazungumza, nikapewa vidonge ambavyo unameza na unanyonyesha vile vile (vipo, ila daktari ndo akuchagulie, usichukue vya jirani). Havifanyi kazi kwa siku moja. Wiki ya tatu hivi nikajikuta nasikia njaa, nikaomba muhogo.

Ila mzazi akiwa anasikia sauti, anaropokwa, au anasema atajidhuru yeye au mtoto, hapo hapana kusubiri chochote, asiachwe peke yake, hospitali siku ile ile.

Sasa wifi yangu kajifungua mwezi uliopita. Hivi sasa nyumba imejaa, kila saa sahani inaingia, sina kazi huko. Nshamwambia kaka angu mie nakuja siku ya arubaini na moja, na godoro langu.