Msiiachie hifadhidata ikisie tarehe

Wiki hii nimeletewa hifadhidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo ambamo wanachama wanaonekana walianza kurejesha mikopo kabla ya kuipokea. Mkopo uliotolewa tarehe 4 Machi uliandikwa tawini 04/03/2024, siku kwanza, kama tuandikavyo sote, lakini PostgreSQL, programu ya hifadhidata, iliyosimikwa kwa mipangilio ya Kimarekani, mwezi kwanza, ikausoma kuwa wa tarehe 3 Aprili. Rejesho la 28/03/2024 lilikataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 28, na karani mwaminifu akaliingiza kwa mkono, sawasawa kabisa.

Niliambiwa kwa fahari kwamba mfumo ulikuwa na uhakiki. Ulikuwa nao, naam: uliuliza kama maandishi yale ni tarehe, na 3 Aprili ni tarehe. Siku 12 za mwanzo za kila mwezi zinafanya tarehe 144 kwa mwaka. Ukiondoa zile 12 ambazo siku na mwezi vinalingana, kama 05/05, zinabaki 132 zinazogeuka kimyakimya kuwa tarehe nyingine halali. Uhakiki wa aina hiyo ni bawabu anayemruhusu kila mwenye kitambulisho bila kuitazama picha.

Wapo wanaosema dawa ni kubadili datestyle, mpangilio wa PostgreSQL wa kusoma tarehe, iwe DMY, yaani siku, mwezi, mwaka. Nakubali kwamba inasaidia, mpaka siku programu nyingine itakapounganishwa ikiwa na mpangilio wake. Muundo utajwe palepale data inapoingia: maandishi yapokelewe kama yalivyo katika jedwali la mapokezi, kisha yageuzwe kwa amri ya to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY') na kuhifadhiwa katika safu ya aina ya DATE. Tena PostgreSQL iwe toleo la 10 au jipya zaidi, maana matoleo ya awali yalipopewa tarehe 40 Juni 2009 yalirudisha 10 Julai bila aibu. Watumiaji wa programu nyingine za hifadhidata, wa MySQL wenye tarehe zao za 0000-00-00, na wa SQLite isiyo na aina ya tarehe kabisa, wasicheke.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba faili za matawi zilifutwa mara baada ya kupakiwa, eti kubana nafasi. Ndani ya safu ya DATE, 3 Aprili ya kweli na 3 Aprili iliyozaliwa na 4 Machi hazina tofauti yoyote, kwa hiyo makarani sasa wanafungua majalada na kulinganisha kila mkopo na fomu yake ya karatasi.