Nguzo Fupi ya Mama Mkwe

Haya, najua yule rafiki yangu mwenye domo kaya kishawasimulia kwamba nimemtangaza mama mkwe kuwa mdaiwa sugu mbele ya kikoba kizima. Chumvi kaitia kwa kilo. Nisikieni mwenyewe, maana nyumbani bado sisemeshwi.

Siku ya kuvunja kikoba, mimi mweka hazina nikajitia utaalamu. Wenzangu wote waliopita walisoma daftari tu. Mimi nikaazima projekta, nikachora chati za Excel. Mwenye hisa nyingi alikuwa na 500,000, mama mkwe 482,000, wa mwisho. Pengo la elfu kumi na nane, za zile wiki alizokuwa akiuguza.

Nikabonyeza.

Hapa twende taratibu. Nguzo za bluu zikajaa ukutani, ndefu, zimenyooka. Ya mwisho kulia, kigingi cha mbuzi. Haifiki hata nusu ya ile ndefu. Ukumbi ukatulia mpaka feni ikasikika. Mama mkwe akatoa miwani kwenye pochi. Akaifuta kwa upindo wa khanga. Akaivaa. Akavuta kiti mbele.

"Baba, hako kafupi ndiyo mie?"

"Hapana mama... yaani ndiyo mama, lakini..."

(Mnaocheka, ngojeni kwanza. 482,000 ni zaidi ya asilimia 96 ya 500,000. Ila Excel ikiona namba zimekaribiana, inaweza kuuanzisha mhimili, ule mstari wa namba wa pembeni, kwenye namba kubwa kuliko sifuri bila kukuuliza. Wangu ulianzia 470,000. Kwa hiyo mama alichorewa 12,000, mwenzake 30,000. Na namba za pembeni nilizifanya ndogo, eti zisiharibu urembo.)

Nikakimbilia slaidi ya pili nijiokoe. Mikopo! Chati ya duara, tena ile ya 3D iliyoinamishwa, ambayo kipande cha mbele huonyesha mpaka ubavu wake, kikaonekana kinene kuliko vyote. Cha mbele kilikuwa cha nani? Na nilikipaka nyekundu. Mwenyekiti alikopa kiasi kilekile, lakini chake kilikuwa nyuma huko, kiduchu.

"Kumbe naweka kidogo, nakopa kingi," mama akasema polepole, "na binti nimekupa."

Ukumbi ukapasuka.

Jioni nikaanzisha mhimili kwenye 0, duara nikalifuta nikaweka jedwali, nikachapisha, nikampelekea na sukari. Sukari akapokea. Karatasi kanirudishia: anataka ionyeshwe ukutani palepale, mbele ya watu walewale.

Mwenye projekta aje inbox. Ile ya kwanza ni ya shemeji yangu, na simu zangu hapokei.