Stesheni ya Mackinnon Road Isibomolewe

Juma hili, katika kikao kimoja hapa Mombasa, nilimsikia mtu mzima akisema kwamba stesheni kuukuu za reli ya zamani ya Mombasa kwenda Nairobi zibomolewe na chuma chake kiuzwe, kwa kuwa hazina kazi wala historia. Kuhusu kazi sina la kubishana: treni ya abiria ya reli hiyo ilikoma mwaka 2017, na treni ya reli mpya inayosimama vituoni, ikitoka Miritini, hupakia Mariakani na Miasenyi kabla ya Voi, na Mackinnon Road, mji mdogo ulio kati ya Mariakani na Voi, ikaachwa katikati. Safari imekuwa ya haraka, nakubali. Lakini kusema kwamba mahali pale hapana historia ni neno lililonichoma.

Jina lenyewe ni la barabara ya William Mackinnon, Mskoti aliyeongoza kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyochongwa kabla ya ujenzi wa reli kuanza Mombasa mwaka 1896. Vibarua kutoka Bara Hindi waliipitisha reli katika nyika ya Taru, ambako hata maji ya kunywa yaliletwa kwa treni. Mmoja wao, Sayyid Baghali, amezikwa kando ya reli, na husimuliwa kwamba karai lake la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Mpaka leo wasafiri wa njia ya Nairobi huegesha magari, wakatawadha, wakaingia kumzuru; stesheni iliyo jirani haina wa kuijulia hali.

Linaloniuma zaidi ni la mwaka 1954. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walianza kujenga pale bohari kubwa la jeshi, wakaliacha, kisha mahali hapo pakageuzwa kambi ya kizuizi. Mwezi wa Aprili mwaka huo, wakipambana na wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau, walizingira Nairobi katika msako walioupa jina la Anvil, wakakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapakia kwenye mabehewa yenye madirisha yaliyozibwa kwa nyaya, wakawashusha Manyani na Mackinnon Road, wengi wao bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Watu walioteremshwa kwenye jua lile la Taru, hawajui watarudi lini wala kama watarudi, walikuwa baba na kaka za watu ambao baadhi yao wangali hai, na mahali pa namna hiyo hapauzwi kwa kilo.

Kwa hiyo ninaomba, kwa moyo wangu wote, kwamba wenye mamlaka ya reli na serikali ya kaunti waliache jengo lisimame, waweke kibao cha Kiswahili kinachotaja kambi ile waziwazi, na watume mtu akawahoji wazee waliobaki wa reli na wa kijiji, kuanzia mwaka huu.