Kishikizo kwanza, umbo baadaye: kufunga seramiki ndani ya injini ya turbini

Mchoro wa kipande cha seramiki unaofika mezani umekamilika upande wa gesi ya moto, huku mahali pa kukifungia pakisubiri kutafutwa baadaye, ningeurudisha bila kuusoma zaidi. Seramiki ninayoizungumzia, kabidi ya silikoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kabidi hiyohiyo, haivumilii utaratibu huo tuliouzoea kwenye chuma.

Tuchukue vipande vya pete inayozunguka ncha za mapanga ya hatua ya kwanza ya turbini ya shinikizo kubwa katika LEAP, injini ya ndege iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016. Uzito wa seramiki hii ni kama theluthi ya aloi ya nikeli, na hewa ya kupozea inayohitaji ni pungufu. Hata hivyo kinachoishika ni chuma, na kazi ngumu iko hapo wanapokutana.

Bolti ndiyo inayokimbiliwa na wengi, nami naiona ndiyo chaguo baya la kuanzia. Fanya hesabu. Seramiki ya unene wa milimita 5 inabanwa pamoja na chuma cha milimita 5 kinachotanuka sawa na bolti. Bolti ikikazwa hadi megapaskali 400 huvutika kwa milimita 0.02 tu. Joto likipanda digrii 700 za Selsiasi, zile milimita 5 za bolti zinazopita ndani ya seramiki hurefuka kwa takribani milimita 0.049, na seramiki yenyewe kwa 0.016. Tofauti ya 0.033 imekula mkazo wote: bolti imelegea, kipande kinatetemeka. Ukiongeza bushi (kibomba kinachovaliwa na bolti) ya aloi ileile ya bolti ili urefu wote unaobanwa ufike milimita 40, bolti huvutika kwa 0.08, na zaidi ya nusu ya mkazo hubaki. Washa za springi husaidia pia, mradi ziwe mahali pa baridi. Kwenye joto kali springi hupoteza nguvu taratibu.

Pini kwenye tundu refu ni bora zaidi. Kwa pete nzima, pini tatu au zaidi zilizoelekezwa katikati huiacha itanuke huku ikibaki kwenye kitovu chake. Pini ya milimita 10 kwenye joto hilohilo hutanuka kulizidi tundu kwa karibu milimita 0.07, kwa hiyo nafasi ya baridi iwe hiyo na nyongeza ya makosa ya uchongaji. Usizidishe. Nafasi kubwa mno huifanya pini iguse kwenye mstari mwembamba, na seramiki humegeka hapohapo. Kitovu cha tundu nakiweka mbali na ukingo kwa angalau vipenyo vitatu.

Mahali panapovunjika mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia ni kwenye kona, pale ukuta unapokunjwa kuwa mkono wa kushikia. Nguvu ikijaribu kuikunjua kona, tabaka za nyuzi huvutwa zitengane, na kati ya tabaka hakuna uzi unaozishika. Chukua ukuta wa unene wa milimita 4 na mzigo wa niutoni 10 kwa kila milimita ya upana, umbali wa milimita 10 kutoka kwenye kona. Nusu kipenyo cha ndani cha kona kikiwa milimita 3, mkazo wa kutenganisha tabaka ni kama megapaskali 8. Kikiwa 9, unashuka hadi 3.5. Nane huonekana ndogo mpaka ukumbuke kuwa upande huo nguvu ya seramiki huhesabika kwa makumi machache, wakati kufuata nyuzi ni mamia. Afadhali upange mzigo uifunge kona badala ya kuifungua.

Kemia nayo ina neno lake. Seramiki iliyojazwa silikoni ya kuyeyushwa hubaki na silikoni huru. Ikigusana na nikeli, michanganyiko yao huweza kuyeyuka chini ya digrii 1,000, ilhali silikoni peke yake husubiri 1,414. Weka tabaka la kutenganisha na uipoze sehemu ya mguso.

Tundu lililochongwa kwa almasi nalo huacha ncha za nyuzi wazi. Naitraidi ya boroni inayozifunika huungua, mvuke wa maji huibeba oksidi yake, na kioo kinachojitengeneza hugandisha uzi kwenye seramiki. Uzi usioweza kuteleza hausimamishi ufa. Ziba kuta za tundu baada ya kuchonga, na usitegemee tabaka la upande wa gesi linaloikinga seramiki dhidi ya mvuke pale pini inaposugua, kwa kuwa litabanduka.

Mwisho, vipimo vya nguvu. Sampuli za bamba bapa hazisemi lolote la maana kuhusu kona, ambako nyuzi hujikunja na matundu ya hewa hujificha. Kata sampuli kwenye kona ya kipande chenyewe, izungushe joto na baridi ikiwa kwenye kishikizo chake halisi, kisha ipige picha za eksirei za tabaka kwa tabaka kabla ya kuivunja.