Rufaa ya 14 Riverside ilikatwa na mshindi

Watetezi wa usuluhishi nchini Kenya hawaipendi rufaa baada ya Mahakama Kuu kuamua juu ya tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, na wana sababu. Watu wanapotia sahihi mkataba wa jengo na kukubaliana kwamba ugomvi wao utaamuliwa na msuluhishi, wameikimbia foleni ya mahakama kwa hiari yao. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995 kinaizuia mahakama kuingilia, ila pale sheria hiyo inaporuhusu. Kifungu cha 35 kinairuhusu Mahakama Kuu kufuta tuzo kwa sababu chache, kisha kinanyamaza, rufaa hakiitaji. Cha 39 kinaitaja, kwa waliokubaliana mapema. Bunge lilipotaka rufaa, wanasema, liliiandika.

Hoja nzito. Ila humchora mkata rufaa kama mdaiwa anayekwepa kulipa, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Tazama kesi ya kampuni mbili, Synergy Industrial Credit na Cape Holdings, zilizozozania mauzo ya mabloki ya ofisi katika mradi wa 14 Riverside, Nairobi, chini ya mkataba wa 2010. Januari 2015 msuluhishi aliamuru Synergy ilipwe zaidi ya Sh1.6 bilioni. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaifuta tuzo, ikisema msuluhishi alivuka mipaka ya mkataba uliokuwa mbele yake. Iliyokwenda Mahakama ya Rufaa ni Synergy, iliyoshinda kwa msuluhishi, ikaambiwa haina haki ya rufaa. Hata katika kesi ya Nyutu Agrovet na Airtel, isiyohusu majengo, aliyelilia rufaa ni aliyekuwa ameshinda kwa msuluhishi. Basi ule ukimya wa kifungu cha 35 ulilinda nini? Si tuzo. Ulilinda uamuzi wa kuiua.

Tarehe 6 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi zote mbili: rufaa ipo, lakini pale tu Mahakama Kuu, ikifuta tuzo, inapotoka nje ya sababu za kifungu cha 35 na kukosea waziwazi hata haki ikafungiwa mlango. Ikifuta tuzo, si ikiithibitisha. Mdaiwa mkaidi hakupewa kitu hapo. Novemba 2020 Mahakama ya Rufaa ikairejesha tuzo ya Synergy.

Karibu miaka sita ilikuwa imepita, na hapo wapinzani wa rufaa hushika kalamu kupiga hesabu. Mkandarasi anayedai Sh100 milioni, huku benki ikimtoza 14% kwa mwaka kwa mkopo wa saruji na nondo, kwa miaka sita kamili atakuwa amelimbikiza riba ya Sh84 milioni, bila hata riba juu ya riba. Hesabu ni sahihi. Lakini mnyime rufaa: benki haitasimamisha riba kwa kuwa jaji alikosea, naye ataanza madai upya akiwa hana tuzo.

Kinachonitia wasiwasi ni kile kipimo cha kosa la wazi. Kila wakili ataapa kwamba la mteja wake ni la wazi, kwa hiyo Mahakama ya Rufaa inapaswa kuyachuja maombi haya mwanzoni kabisa, kwa kurasa chache, kabla mawakili hawajaanza kusikilizwa kuhusu jengo lenyewe.