Siku Benki Ilipotuzidishia

Kazi ya mweka hazina ni kulaumiwa kwa fedha ambazo hujazila. Hilo nililijua tangu nilipochaguliwa, na nilichaguliwa nikiwa sipo. Nisilolijua ni kwamba ingefika siku nilaumiwe kwa sababu fedha zimekuwa nyingi mno.

Kikundi chetu ni cha kuweka na kukopeshana. Kina mwenyekiti, katibu, mimi, na wajumbe ambao kila mmoja wao moyoni ni mwenyekiti. Vitabu vyetu ni vya kawaida tu: daftari la fedha, leja, faili la vocha na risiti, na kitabu cha hundi. Hundi zetu zinataka saini mbili kati ya tatu, yaani mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wowote wawili. Hiyo "wowote wawili" iliwekwa ili kazi zisikwame mmoja wetu akisafiri. Kweli, hazikukwama.

Mwisho wa mwezi nilichukua taarifa ya benki. Daftari langu lilisema tuna 18,450. Benki ilisema tuna 23,280. Tofauti ilikuwa 4,830, na benki ndiyo iliyokuwa juu.

Asiyeizoea kazi hii akiona hivyo hutokwa na jasho. Mimi nilichemsha maji ya kuoga. Daftari na taarifa ya benki ni nadra kulingana siku moja, kwa sababu kila upande huandika jambo pale unapolijua. Mimi nikiandika hundi leo, daftarini imetoka leo. Benki haina habari nayo mpaka mwenye hundi aifikishe. Vivyo hivyo benki hukata ada yake kimyakimya, nami hujua nimekatwa nikishaiona taarifa. Ndiyo maana kuna usuluhishi wa benki: unakaa na karatasi mbili, unatia alama kila kilichomo kote kuwili, halafu unakihoji kilichobaki bila alama.

Nikakaa na kalamu nyekundu. Upande wangu ilibaki hundi moja tu, ya 4,800, pango la ukumbi tunaokutania. Nilimkabidhi mzee mwenye ukumbi mkononi miezi mingi iliyopita, akanishukuru, akaondoka nayo, na benki haikuwahi kuiona. Upande wa benki ilibaki ada ya 60. Sasa toa 4,800 kwenye 4,830, inabaki 30. Rudisha zile 60 za ada, unapata 90.

Tisini! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, mshukiwa wa kwanza ni tarakimu zilizopishana nafasi. Geuza 54 iwe 45, tofauti 9. Geuza 81 iwe 18, tofauti 63. Geuza zozote mbili zinazopakana, tofauti itagawanyika kwa 9. Nikafungua kurasa ambazo katibu alinishikia daftari nilipokuwa naumwa, na hiyo hapo: tuliweka benki 540, daftarini imeandikwa 450, kwa mwandiko wa madoido na mstari chini yake uliopigwa kwa rula.

Basi daftari 18,450, ongeza 90, toa 60: 18,480. Benki 23,280, toa hundi ya 4,800: 18,480. Nilioga nikiimba.

Mkutanoni niliweka mezani karatasi mbili, usuluhishi wangu na taarifa ya benki. Mwenyekiti aliichukua ya benki. Ile ina nembo na karatasi nzito, yangu ina kalamu nyekundu. Akavaa miwani, akashuka na kidole mpaka chini kabisa kulia, akakigonga pale mara mbili.

"Ndugu wajumbe, benki inasema tuna 23,280. Mweka hazina anasema tuna 18,480. Kati ya hawa wawili, nani ana kompyuta?"

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Nikaeleza habari ya hundi ya pango. Nikasema zile 4,800 zimo benki lakini si zetu tena, zinamsubiri mwenyewe. Mjumbe mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika chumba kilichopakana na uhasibu, akaomba kuiona taarifa. Akaisoma kwa muda mrefu. Kisha akasimama na kusema ameshagundua tatizo: michango yetu yote benki imeiandika upande wa krediti, wakati daftari la mweka hazina limeiandika debiti. "Mmoja wao," akasema, "anaandika kinyumenyume."

Hapo ndipo ningekaa kimya. Lakini nikasimama kufundisha. Nikasema kila upande unaandika kwa jicho lake. Kwetu fedha iliyoko benki ni mali yetu, na mali ikiongezeka huandikwa debiti. Kwa benki fedha hiyohiyo ni deni, kwa kuwa siku yoyote tunaweza kuidai, na deni likiongezeka huandikwa krediti. Hakuna aliyekosea. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba maingizo mawili, yaani kila jambo kuandikwa debiti mahali pamoja na krediti pengine, si mambo yangu, wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiyatumia tangu zamani, na mwaka 1494 kule Venice mtawa mmoja, Luca Pacioli, aliyaeleza katika kitabu chake cha hisabati kilichopigwa chapa.

"Samahani," akasema mama mmoja wa safu ya mbele, "huyo Pacioli, ada yake ya mwezi ameshalipa?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mstaafu ndiye pekee aliyekuwa akiandika. Alinukuu kwenye kidaftari chake, nikamwona kabisa: *debiti kwetu ni nzuri*.

Hoja ikapitishwa kwa kunyoosha mikono. Mikopo ya wajumbe itolewe kama ilivyopangwa, jumla 18,400, na "ziada ya benki" itumike kwa maendeleo ya kikundi kabla benki haijashtuka. Nikasema benki haina cha kushtukia. Nikaomba pingamizi langu liandikwe kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu zilipokuja kusomwa, sehemu hiyo ilisomeka: "Mweka hazina naye alichangia."

Maendeleo ya kikundi yakawa fulana. Mwenyekiti na katibu walitia saini hundi ya 4,830 kamili, wakiwa wamebishana na fundi mpaka bei ikalingana na ile tofauti ya kwanza ya daftari na benki. Saini yangu haikuhitajika. Wowote wawili, si ndiyo? Fulana zilikuwa za kijani, zenye jina la kikundi kifuani, na mgongoni kwa herufi kubwa nyeupe: HESABU SAFI. Mwenyekiti alichukua mbili. Yangu niliipokea nikaivaa, kwa kuwa kukataa kungeonekana ni kinyongo.

Akaunti sasa ilikuwa na 50.

Mzee mwenye ukumbi alikuja katikati ya mkutano uliofuata. Tulikuwa tumejipanga kwenye viti, kijani kitupu. Akasimama mlangoni, akasoma mgongo wa mtu wa mwisho, akasoma wa jirani yake, kisha akauliza kwa upole, "Mweka hazina ni nani kati yenu?"

Mikono yote iliyopitisha hoja ya fulana ikanyooka kunionyesha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hii hundi yako inaumwa."

Akatoa mkoba wa miwani. Ndani yake, chini ya kitambaa cha kufutia lenzi, ilikuwa hundi yetu, imekunjwa mara nyingi hadi kutoshea, mikunjo imeanza kuchanika, na alama ya duara ya lenzi imebaki katikati ya maandishi ya kiasi. Imebanwa pini na kikaratasi cha benki kinachomwelekeza akamwone aliyeiandika. Basi amekuja kumwona.

Nikamuuliza kwa nini hakuipeleka mapema. Akashangaa mimi kuuliza. Alikuwa anaiweka akiba! Kwa alivyojua, siku nilipoiandika benki ilichukua 4,800 yake, ikaifungia kando na jina lake juu, na yeye alikuwa na kikaratasi cha kwenda kuichukua shida ikimjia. Aliisogeza mbele hivyo mpaka mpwa wake alipomwambia kwamba hundi hufa, na kwa kawaida ikipita miezi 6 benki nyingi huikataa. Akaikimbiza. Aliwahi hundi, hakuwahi salio.

Nikamweleza kwamba hundi haitengi hata senti. Ni amri tu kwa benki, mlipe huyu kiasi hiki, nayo hutazama salio siku ile amri inapofika, si siku ilipoandikwa. Alisikiliza vizuri kuliko kikundi kizima. Akauliza, "Kwa hiyo fedha zangu ziko wapi?"

Sikuwa na haja ya kujibu. Alikuwa amezungukwa nazo, saizi zote.

Mwenyekiti akaamka. Akasema lazima benki ina hitilafu, akataka taarifa mpya isomwe. Nikaisoma. Benki ilikuwa imetutoza ada ya hundi kurudishwa, ile 50 haikutosha, na salio letu lilikuwa limeshuka chini ya sifuri. Kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe, salio upande wa benki lilikuwa la debiti.

Mstaafu akaruka. Alikuwa ameshafungua kidaftari chake. "Debiti! Ndugu wajumbe, tulieni, debiti kwetu ni nzuri! Alisema mwenyewe!"

Watu wakaanza kupiga makofi. Nilihitaji muda kuwanyamazisha na kueleza kwamba debiti nzuri ni iliyo kwenye daftari letu, na iliyo kwenye taarifa ya benki ina maana sisi ndio tunaodaiwa. Mama wa safu ya mbele akasema huu ni utapeli, iweje neno moja liwe zuri upande huu na baya upande wa pili. Mzee mwenye ukumbi alikuwa amevuta kiti, na sasa alikuwa akiufurahia mkutano kuliko mjumbe yeyote.

Ikabaki kutafuta 4,800. Mikopo ilikuwa imeshatoka na haikuwa imeiva kurudi. Katibu akapendekeza fulana ziandikwe kuwa mali ya kudumu, ili kikundi kisionekane kimetumia. Mstaafu akaunga mkono, akaongeza kwamba zikatwe uchakavu, yaani thamani ishushwe kadiri zinavyochakaa, kwa kuwa fulana yake imeshafuliwa na haivuki kitovu. Akanyanyua mikono kuthibitisha. Nikasema ziandikeni mtakavyo, mzee hapokei mizania, ile karatasi ya mali na madeni.

Mwisho kila mjumbe akainunua fulana aliyoivaa, ili fundi awe amelipwa na wavaaji na si na kikundi. Hapo mwenyekiti aligundua kwamba moja ya zile mbili ilikuwa "ya ofisi", na kwa kuwa ofisi haina mfuko wa suruali, wengine tukaichangia. Zilipofika 4,800 nikafungua kitabu cha hundi kwa mazoea. Mzee akaufunga mkoba wa miwani, paa! Akasema karatasi zangu ameshazijua, anataka zinazohesabika. Akahesabiwa juu ya meza, naye akazihesabu tena kwa kidole kilicholowa mate, kisha akazipeleka mfukoni.

Nikasukuma mbele vocha asaini, akasaini. Nikaomba risiti.

"Risiti nitakuletea, mwanangu," akasema, tayari yuko mlangoni. "Ipo nyumbani, nimeihifadhi mahali pazuri."

Mkaguzi anakuja mwezi ujao. Nimeshampigia mzee simu, anasema mahali penyewe hapakumbuki vizuri, ila ni pazuri.