Alizeti bila mashine ni mzigo

Mvua zikikaribia, hapa Lubumbashi hakosi mtu wa kusifu alizeti. Acheni mahindi, anasema, mafuta yana soko. Soko lipo, sibishi. Mafuta tunayokaangia samaki mengi yanapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, njia ile ile ya unga wa bukari, ugali wetu. Na Ukraine na Urusi ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti duniani, ndiyo maana vita vya 2022 vilipandisha bei hadi kwa watu wasioijua Kyiv iko wapi.

Ila hao wanaosifu huishia shambani, na shamba ndilo jepesi. Mzizi wa alizeti hushuka chini sana, kwa hiyo jua likikaza katikati ya msimu itavumilia kuliko mahindi. Hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne: ukipanda mwisho wa Desemba, vichwa vitakauka mvua zikiwa zimekwisha, wala havitaoza. Udongo wetu mwekundu ni mchachu, utautilia chokaa. Ndege watakuja, na kama kijiji kizima ni wewe tu uliyepanda, watakuja wote kwako.

Kazi iko baada ya kupura. Mahindi yakikosa mnunuzi, utayasaga, watoto watakula bukari. Magunia ya alizeti utayafanyia nini? Utamngoja mwenye mashine ya kukamua, naye anajua huna pengine pa kuyapeleka. Bei ataitaja yeye.

Tena mashine ndiyo inayochagua mbegu. Ile ya kusukuma kwa mkono, iliyobuniwa Tanzania miaka ya 1980, inataka mbegu nyeusi zenye ganda laini. Ukiilisha zile zenye mistari, za kutafuna, utatoka jasho kuliko mafuta. Ndiyo sababu nashangaa mtu anaponunua mbegu kwanza, halafu anauliza zitakamuliwa wapi.

Na kuna mashudu, ambayo karibu hakuna anayeyataja. Kilo 100 za mbegu kwenye mashine ndogo hutoa lita 25 hadi 30 hivi. Sehemu kubwa inayobaki ni mashudu yenye protini. Usimpe kuku hayo peke yake, maganda ni mengi mno, lakini ukiyachanganya na pumba za mahindi na soya yanapunguza gharama ya chakula. Mji huu umejaa wafugaji wa kuku na nguruwe wanaolalamikia bei ya chakula. Anayeuza mbegu ghafi anamwachia mnunuzi mashudu yote bure, halafu anarudi kumnunulia kuku wake chakula kwa pesa!

Kwa hiyo wenye mashamba barabara ya Kasenga, msianze na mbegu. Kaeni kwanza, mkubaliane mashine itakaa kwa nani, umeme ukikatika nani atanunua mazutu (dizeli), na mashudu yatagawanywa kwa kilo au kwa zamu.